Siku za Hatari

Jumatatu, 5 Mei

Mara ya nne naandika tangazo lilelile. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi imelirudisha tena na wino mwekundu, kama insha ya mtoto wa darasa la sita.

"Ngono" limekatwa, juu yake limewekwa "mahusiano". "Kondomu" limekatwa, limewekwa "kinga". "Uke" na "uume" yamekatwa yote mawili kwa mstari mmoja mrefu, na pembeni pameandikwa "maumbile ya siri". Sasa tangazo linasema: Njooni tujadili mahusiano, kinga na maumbile ya siri. Anayelisoma atadhani chuo kimeanzisha kozi ya upelelezi.

Nasoma Kiswahili, mwaka wa tatu. Nimefundishwa kwamba neno lisipofika kwenye kitu chake ni kelele tu. Nimemwambia hivyo Baraka, mwenyekiti wa klabu yetu ya afya. Akasema, "Tupate ukumbi kwanza, Tabi. Maneno yatakuja yenyewe."

Maneno hayaji yenyewe. Yanaletwa. Anayeyaleta ni mimi, katibu, huku yeye anapigwa picha.

Jioni ya Maswali ni Jumamosi tarehe 24, saa tisa hadi saa kumi na mbili. Mshauri mwenyewe atakaa mstari wa mbele.

Baridi ya Mbeya imeanza. Tumpe, mwenzangu wa chumba, amelala tangu saa nane mchana. Amevaa soksi mbili mbili. Mwaka wa kwanza wana raha.

Jumanne, 6 Mei

Sanduku la maswali limefika kutoka Mafinga, juu ya lori la mbao. Baba amelitengeneza kiwandani anakopasua mbao, kwa vipande vya paini vilivyobaki. Linanukia utomvu. Kona zake zimekaa sawasawa, kufuli dogo, tundu juu.

Na msalaba mbele. Umechongwa, umepigwa msasa, umepakwa vanishi.

Nilimwambia: sanduku la watu kutumbukiza karatasi. Yeye alisikia sanduku, tundu na kufuli, mikono yake ikafanya inachokijua. Ametengeneza sanduku la sadaka.

Nilimpigia simu. "Kamwene, mwanangu. Limefika? Huo msalaba nimekuwekea bure tu."

Bure kweli. Nilimshukuru. Ningesema nini?

Nililipeleka ofisini kwa idhini nikitegemea vita. Mama Mshauri alilipapasa msalaba kwa kidole. "Hiki sasa ni kitu kizuri," akasema, akagonga muhuri palepale. Wiki tatu napigania neno moja. Kipande cha paini kimepita kwa dakika moja.

Ijumaa, 9 Mei

Sanduku liko mlango wa maktaba. Watu wanatumbukiza karatasi wakiwa wanatazama pembeni, kama wanaopita tu.

Tumpe ameanza kuandika mabango. Ana mwandiko ambao nauonea wivu. Herufi zake zimesimama wima bila rula. Hasa K: mguu wa mwisho unashuka chini ya mstari na kujikunja kama mkia wa kinyonga. Januari, tulipofanya jioni ya kwanza, nilimwambia angeweza kuandika kadi za harusi akapata jina kwao Tukuyu nzima. Alicheka akaficha uso. Ni mtu wa kuficha uso. Ananiita Da Tabi, na nikiingia chumbani anasogeza vitu vyake kana kwamba chumba ni changu peke yangu.

Nakala moja ya bango la Januari bado iko nyuma ya mlango wetu. SIKU ZA HATARI: ZIJUE, ZIKWEPE. Mwandiko wake, neno langu. Niliandika "siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba". Likarudi na wino mwekundu. Nikapendekeza "siku za hatari". Fupi, linatosha kwenye manila, lina heshima, kila mtu analijua. Mama Mshauri alilipitisha bila kupepesa. Ndilo neno pekee ambalo mimi na yeye tumewahi kukubaliana. Nililionea fahari. Bado nalionea fahari kidogo.

Leo Tumpe aliandika nusu bango akaacha. Akauliza, "Da Tabi, zile karatasi za kwenye sanduku anazisoma nani?"

"Kamati."

"Na nyie mnajua nani ameandika?"

"Tutajuaje? Ndiyo maana kuna kufuli."

Akarudi kwenye bango. Akaharibu herufi mbili. Nilikasirika, manila ilikuwa ya mwisho.

Jumatano, 14 Mei

Leo tumefungua sanduku. Darasa namba nne, mimi, Baraka na wengine watatu wa kamati. Tumpe alikaa nyuma akimalizia mabango.

Karatasi nyingi kuliko tulivyotarajia. Nyingine za kipuuzi. "Sina swali, naomba namba ya katibu." "Je, kuoga maji ya moto kunazuia?" "Kwa nini wanaume wa Mbeya ni wabahili wa maneno?" Nyingine za kweli na za kuumiza, hizo tumeziweka upande wake.

Kisha Baraka akasoma hii, kwa sauti ya mchungaji anayetangaza ndoa:

NILIKWEPA SIKU ZA HATARI ZOTE. SIKU ZA DAMU SIKUKUBALI HATA MARA MOJA. MBONA SIONI TENA SIKU ZANGU?

Tuliangua kicheko. Baraka akasema, "Huyu amekwepa gari lililoegeshwa, akagongwa na linalotembea." Tukaanza upya. Mimi nilicheka mpaka machozi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni mwa ile karatasi: "Tangazo liko wazi. Hajui kusoma?" Nikawaonyesha. Wakacheka tena.

Nilikuwa na hasira ndani ya kicheko. Mwaka mzima tunachapa, tunabandika, tunaomba vibali, halafu mtu wa chuo kikuu anadhani siku za hatari ni siku za damu. Unamsaidiaje mtu wa namna hiyo?

Tumpe alimaliza mstari wake, akafunika kalamu, akaondoka. Nilidhani amechoka.

Alhamisi, 15 Mei

Hakula jana. Asubuhi aliamka kabla yangu. Nikimsemesha anaitikia "ndiyo dada", basi.

Mchana nilikuwa naziandika karatasi upya kwa ajili ya ofisi, kwa maana Mama Mshauri anataka maswali yote yachapwe ayapitie. Nikafika kwenye ile. Nikaitazama vizuri mara ya kwanza. Herufi kubwa zote, za kujificha. Lakini NILIKWEPA. SIKU. SIKUKUBALI. Kila K mguu wake umeshuka chini ya mstari na kujikunja.

Nikageuka nikatazama bango nyuma ya mlango.

Sikuweza kuendelea kuandika. Wino wangu mwekundu uko pembeni ya mwandiko wake. Hajui kusoma. Yeye ndiye aliyeliandika hilo tangazo, kwa mkono wake, neno kwa neno kama nilivyomsomea.

Mimi ni mjinga. Naandika hivyo na sikati.

Ijumaa, 16 Mei

Nilimsubiri atoke kwenye kipindi. Tukazunguka nyuma ya bustani ya kabichi ya chuo, mahali pasipo na watu. Sikujua nianzeje. Nikasema, "Nimeiona K yako."

Alijifunika uso. Kisha akaongea, chini chini, bila kunitazama.

Kwao mama alimwambia siku moja tu, alipovunja ungo. Alimwambia ukiwa kwenye damu usimkaribie mwanaume, utapata balaa. Basi. Miaka sita baadaye akafika chuo, mimi nikamsomea aandike: siku za hatari, zikwepe. Hakuuliza ni zipi. Alizijua. Alikuwa amezijua tangu nyumbani. Neno langu liliingia nyumba iliyokwisha kuwa na mwenyewe, likaketi.

"Nilihesabu vizuri, Da Tabi. Nilikuwa naandika kwenye kalenda. Damu ikiisha naweka alama siku kumi, naandika salama." Akanionyesha kwenye simu. Siku kumi baada ya damu. Salama, salama, salama. Zile zenyewe zenye mimba.

Nikamuuliza kuhusu kijana. Yuko chuo cha kilimo, Uyole. Ameambiwa wiki iliyopita. Alijibu kwa meseji: "Si ulisema salama?" Tangu hapo simu yake haipokelewi. Huyo simwandiki tena humu. Hastahili wino.

Alichoniomba si ushauri. Aliniomba nisimwambie mtu. Sheria za hosteli ameshazisoma, ukurasa wa saba: mwanafunzi mjamzito anapisha kitanda. Kupanga chumba mtaani hawezi. Akipisha kitanda anarudi Tukuyu, akirudi Tukuyu harudi tena chuo. Alinieleza hivyo kwa utulivu, kama anayesoma ratiba.

Jioni tulikwenda Mwanjelwa kununua kipimo, kwenye duka la dawa ambalo hakuna anayetujua. Muuzaji alituangalia mmoja mmoja. "Ni cha nani?" Nikasema changu. Akanipa na pole juu yake.

Jumamosi, 17 Mei

Mistari miwili.

Alikaa kitandani. Mimi nilisimama kwa sababu sikujua kukaa wapi. Baadaye akafua nguo zake zote, hata safi.

Nami nikashuka kwenye kamba za nguo na daftari. Nilitaka kujua kama ni yeye peke yake. Niliuliza kila msichana aliyekuja kuanika: siku za hatari ni zipi?

Wa sheria, mwaka wa pili, mwenye mdomo: "Si zile za damu? Ndiyo maana zikaitwa hatari."

Wa hesabu: "Tarehe kumi na nne." Tarehe kumi na nne ya nini? "Ya mwezi, dada." Yaani Januari hadi Desemba, wanawake wote wa Tanzania, siku moja, kama sikukuu ya taifa.

Mwingine: "Zile matroni anapokagua vyumba." Tulicheka, lakini nilipombana akasema hajui.

Mwingine kutoka Chunya alisema za damu, kisha akasita, akasema, "Au siyo?" Lile "au siyo" limenifuata mpaka juu.

Wachache walijua. Wachache.

Kwa hiyo bango langu limekaa kwenye kuta za hosteli miezi minne likiwaambia wasichana wa chuo hiki: kwepeni siku ambazo hazina kitu, msiogope zenye kitu. Kwa mwandiko mzuri. Na muhuri wa ofisi.

La chumbani kwetu nimelibandua. Gundi imeng'oa rangi ya mlango.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia Baraka ile karatasi lazima isomwe Jumamosi na ijibiwe kwa maneno kamili. Damu, yai, mimba, siku ngapi, kuanzia wapi. Sikumwambia ni ya nani.

"Hilo swali la kichekesho?"

"Hilo."

"Tabi, ofisi imeshapitisha orodha. Hilo halimo. Na majibu wameshayapitisha. Tukitoka nje ya karatasi wanatufungia klabu."

"Klabu ya nini, kama haiwezi kusema siku?"

"Wewe tatizo lako unapenda neno kuliko watu."

Nilitaka kumtupia daftari. Ni kwa sababu yuko karibu na ukweli. Mwaka mzima nimepigania "ngono" na "uke" kwa sababu ni maneno yangu, nilitaka kushinda. Hili moja nililotoa mwenyewe sikulipima hata siku moja. Halikukatwa, basi nikadhani ni sahihi.

Nilikwenda ofisini nikaomba swali liongezwe. Mama Mshauri alikuwa na wageni. Katibu muhtasi akasema niache maandishi. Nikaacha maandishi. Ninajua maandishi yanakwenda wapi.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna jibu kutoka ofisini.

Ukungu mpaka saa nne. Tumpe anatapika kimyakimya, bomba limefunguliwa ili nisisikie. Nasikia.

Nilimwambia nataka kulisoma swali lake, kwamba hakuna atakayejua, kwamba akisema hapana ni hapana. Alikuwa anachonga penseli. Akasema:

"Lisome. Ila usicheke."

Jumamosi, 24 Mei

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Sanduku la baba mezani, msalaba ukitazama watu. Mama Mshauri mstari wa mbele, kitenge cha kijani, nakala ya maelezo yetu magotini, kalamu mkononi, anafuatilia mstari kwa mstari kama mtu aliyefungua kitabu cha tenzi kanisani.

Baraka, suti. Alisoma majibu yaliyopitishwa. "Mahusiano yanaweza kuleta matokeo endapo kinga haikutumika katika siku husika, na maumbile ya siri yakakutana." Aliyasema hayo kweli. Nilitazama chini. Sauti ikatoka nyuma, ya kiume, "Yanakutana wapi, mwenyekiti? Tutajie hata mtaa." Ukumbi wote ukapasuka. Mama Mshauri akainua kalamu, ukatulia.

Karibu saa mbili zilipita hivyo. Watu walianza kuchezea simu. Walikuja na maswali, tukawapa mafumbo.

Saa kumi na moja Baraka akauliza kama kuna nyongeza kutoka kwa katibu, kwa heshima tu, akitegemea nishukuru wageni. Nikachukua kipaza sauti. Nilikishika kwa mikono miwili.

Nilisoma ile karatasi. Niliisoma polepole, kwa sauti ya kawaida.

Wakacheka. Bila shaka walicheka. Ukumbi mzima. Nikasubiri. Niliona safu ya katikati, Tumpe, koti la kijivu, anatazama mbele kama jiwe.

Nikasema, "Na mimi nilicheka. Nikaandika pembeni kwamba aliyeuliza hajui kusoma. Bango la Januari lilikuwa langu. Neno lilikuwa langu. Halikusema ni siku zipi. Nani hapa anazijua? Anyooshe mkono."

Mikono ilikuwa michache, na ya wavulana ilishuka harakaharaka nilipowatazama.

Basi nikachora duara ubaoni. Nikasema damu. Nikasema siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya kwanza ya kuhesabu, si tarehe moja ya mwezi. Nikasema kwa mwenye mzunguko wa siku ishirini na nane yai hutoka karibu na siku ya kumi na nne, na mbegu za mwanaume hukaa mwilini siku kadhaa zikilisubiri, kwa hiyo siku za kabla yake ndizo zenye mimba zaidi. Nikasema mzunguko unabadilika, baridi, homa, mitihani, kwa hiyo kalenda peke yake haimlindi mtu. Nikasema kondomu, kwa jina lake. Nikasema damu siyo hatari. Nililirudia hilo. Damu siyo hatari.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kalamu. Watu walikuwa wanaandika.

Yule wa Chunya akanyoosha mkono akauliza, na mzunguko wa siku ishirini na tatu je? Nikajibu. Akauliza mwingine. Kisha mvulana, sauti ileile ya nyuma iliyotaka itajiwe mtaa, bila utani safari hii.

Saa kumi na moja na dakika arobaini Mama Mshauri akasimama. "Inatosha." Ukumbi ukafungwa.

Baraka hajanisemesha. Nimeandikiwa barua ya wito: ofisini, Jumatatu saa mbili asubuhi.

Nimechoka. Nina hasira na kila mtu, nami nikiwa wa kwanza. Tumpe amenichemshia maji ya kuoga.

Jumatatu, 26 Mei

Barua ya onyo kwanza. "Kwa kutamka maneno yasiyo ya staha hadharani, nje ya maelezo yaliyoidhinishwa." Ukurasa mzima, na hakuna hata neno moja kati ya hayo lililotajwa. Nimeonywa kwa sababu ya vitu visivyo na majina. Ukatibu nimevuliwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Alipanga mafaili yasiyohitaji kupangwa. Kisha akauliza, aliyeandika ile karatasi ni nani.

Nilijua anauliza nini. Ukurasa wa saba. Kitanda.

Nikasema, "Karatasi sijui, Mama. Bango ndilo langu."

Alinitazama. Nilimtazama. Nilidhani atanibana mpaka niseme, na nilikuwa tayari kufukuzwa ofisini, hata chuoni, nilishafanya mazoezi njiani.

Hakunibana. Akafungua droo, akatoa rasimu ya Januari. Ameitunza. Maneno yote yamekatwa, isipokuwa moja lenye alama ya vema pembeni. Siku za hatari.

"Hili nilikupitishia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Unajua kwa nini nililipitisha?"

Nikasema kwa sababu lina staha.

"Kwa sababu nilielewa mnawakataza wasichana kukutana na wanaume wakiwa kwenye damu. Nikasema, angalau jambo hili ni zuri, hata kwenye Walawi limo." Alikuwa anatazama ile karatasi, siyo mimi. "Mpaka juzi ukumbini."

Sikucheka. Naapa sikucheka. Nilishajifunza.

Kwa hiyo hatukuwahi kukubaliana hata neno moja, mimi na yeye. Tulikubaliana sauti. Yeye aliidhinisha kitu kimoja, mimi nikabandika kingine, Tumpe akasoma kilekile cha Mama Mshauri. Na muhuri ukagongwa.

Nilipofika mlangoni akasema, "Tabitha. Liandike upya. Lote. Uniletee."

Nikauliza kama niandike na mimba.

"Andika siku zenyewe."

Halafu, akiwa tayari ameinama kwenye mafaili: "Na huyo usiyemjua, mwambie ukurasa wa saba unasema mimba ikishaonekana. Haijaonekana, sijaona. Afanye mitihani yake ya Julai kwanza. Baada ya hapo aje mwenyewe, tuone."

Tuone. Neno lingine lisilo na kitu ndani. Lakini safari hii nililibeba kwa mikono miwili mpaka hosteli.

Alhamisi, 29 Mei

Tumpe ameamua kwenda kumwambia mama yake kabla mtu mwingine hajamwambia. Anakwenda kesho. Nilijitolea kumsindikiza, akakataa. "Da Tabi, wewe utaanza kumsahihisha mama."

Hana kosa.

Baraka amenisalimia kwenye foleni ya kantini. Amesema wasichana watatu wamemfuata kuuliza siku, naye hajui awajibu nini, je, nina maelezo? Nikampa daftari. Nikamwambia asilivalie suti.

Jumapili, 1 Juni

Amerudi saa kumi, na ndizi na maharage mabichi kwenye mfuko. Macho yamevimba kidogo. Amekula.

Nilimwacha. Nimejitahidi sana kumwacha. Nilikuwa nimetandika manila sakafuni nikijaribu kuandika bango jipya mwenyewe. Mwandiko wangu mbaya, mistari inapanda kilima. Sijapata kichwa cha bango. Kila neno nililoweka nimelipima nikalifuta.

Akaniambia mwenyewe, akiwa anamenya ndizi.

Ijumaa usiku mama aliambiwa. Alilia, akalala. Jumamosi hakusema kitu, mpaka mchana wakiwa wanapukuchua maharage uani, na mdogo wa kike wa Tumpe, wa kidato cha pili, amekaa pembeni na ungo. Mama akauliza bila kuinua kichwa: "Sasa hizo siku ni zipi?"

Tumpe akamweleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ndaga, asante. Akasema mtoto ataletwa kwake, na shule haiachwi. Kisha akamwambia amweleze tena, mdogo wake hakuwa anasikia vizuri.

Nilisimamisha kalamu. Swali langu likatoka kabla sijalizuia. Nilitaka kujua alitumia neno gani. Kwa Kinyakyusa, mbele ya mama, siku zile zinaitwaje? Nimekaa siku tatu nalitafuta kwa Kiswahili.

"Sikutumia neno," akasema. "Nilipanga maharage kwenye ungo. Ishirini na nane. Mekundu ya siku za damu, mengine meupe, na katika meupe yale ya siku zenyewe nikayasogeza karibu na mama."

Akashuka kitandani, akapiga magoti kwenye manila, akanisukuma kwa bega. Akachora duara. Akaanza kuweka nukta, moja moja, kwa mpangilio, bila rula.

Nilimshikia karatasi isijikunje.